Dawa ya kuua majani isiingie katika lupango yako

Ndugu mutumishi, na wewe mama wa nyumba,

Mvua za kwanza zinanyesha mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na kila mtu katika kambi anashika jembe. Mihindi inaota, lenga-lenga inaota, na majani mabaya yanaota mbele yao. Ndipo ninaanza kuona chupa. Chupa ya bia, chupa ya limonadi, bidoni ndogo ya mafuta, na ndani maji ya rangi. Ukiuliza, unajibiwa: «Munganga, ile ni dawa ya majani tu.»

Mimi ninasema wazi: dawa hiyo haina kazi katika lupango ya mutumishi. Katika mashamba makubwa, kwa watu waliofundishwa na wenye nguo za kujikinga, hayo ni maneno mengine. Lakini katika bustani ya mistari kumi nyuma ya jiko, mahali watoto wanacheza na kuku wanachokora, ninaikataa.

Kati ya dawa hizo kuna moja yenye jina la parakwati. Ilianza kuuzwa mwaka 1962. Umoja wa Ulaya uliikataza kwake mwaka 2007. Kijiko kimoja cha mezani cha dawa hiyo, kama haijachanganywa na maji, kinaweza kumwua mtu mzima. Hakuna dawa ya kuiondoa nguvu, si kwetu, si Ulaya. Na ujanja wake ni huu: siku ya kwanza mgonjwa anatapika na mdomo unamwunguza, kiisha anaweza kuonekana amepata nafuu. Anazungumza, anaomba uji. Jamaa wanafurahi. Kumbe ndani figo zinaharibika, mapafu yanakakamaa pole pole, na kiisha siku kadhaa ao majuma mawili matatu pumzi inamkosa. Hata oksijeni, ambayo tunampa kila mtu mwenye kukosa pumzi, hapa inaweza kuongeza uharibifu.

Niliketi karibu na kitanda cha namna hiyo. Mtoto wa miaka sita alitoka kucheza mpira na kiu, chupa ilikuwa chini ya meza. Baba yake ni mtu wa bidii, alinunua dawa ile kwa kumpunguzia mke wake kazi. Siku ya tatu aliniuliza kama anaweza kumrudisha mtoto nyumbani, kwa sababu alimwona anacheka. Sikupata neno la kumjibu.

Dawa nyingine ni glifosati. Hiyo haiui haraka namna ile. Lakini mwaka 2015 kituo cha Shirika la Afya la Dunia kinachochunguza kansa kiliiweka kati ya vitu ambavyo yaonekana vinaweza kuleta kansa kwa watu. Ofisi za serikali katika inchi mbalimbali hazikukubali maneno hayo, na mabishano yanaendelea. Wacha wabishane. Mimi ninatazama kitu kilicho karibu: mama anapita na kikapo kando ya njia, anachuma lenga-lenga iliyojiotea, hajui kama jirani alipulizia jana. Jioni inaliwa na bukari.

Sasa najua mutumishi mmoja atasema: «Munganga, ninatoka posti ya usiku, mgongo unauma, nitalima saa ngapi?» Neno hilo ni la haki. Lakini wengi wetu tunachoka kwa sababu tunalima kwa kuchelewa. Mihindi inaogopa majani zaidi katika majuma sita ya kwanza. Ukipita na jembe jepesi majani yakiwa urefu wa kidole, ni kukwaruza udongo tu. Mtoto mkubwa anaweza kuifanya mbele ya kwenda masomo. Chagua asubuhi ya jua, ili yaliyong’olewa yakauke. Ukilima chini ya mvua, unayahamisha tu, yatashika mizizi tena. Ukingoja mpaka yanafika magoti, hapo ndipo mgongo unavunjika, na tena yamekwisha kumwaga mbegu. Mmea mmoja mkubwa wa yale majani yenye miiba myeusi inayoshika nguo unaweza kuzaa mbegu zaidi ya 1.000.

Kiisha kulima, funika. Nyasi kavu, majani ya mihindi ya mwaka uliopita, kimo cha upana wa mkono, katikati ya mistari. Majani mabaya yakikosa mwangaza yanadhoofika, na udongo unashika maji. Sisi tunachoma nyasi kila wakati wa jua kali, halafu mvua ikifika tunatafuta feza ya kununua dawa! Kata nyasi mbele ya moto kupita, zirundike. Lakini acha nafasi kidogo kuzunguka shina, maana mchwa wa kwetu hawana adabu, na usirundike karibu na mlango, kwa sababu ya nyoka.

Kuna moja linalotushinda wote: lile lenye shina la pembe tatu na vidonge vyeusi chini ya udongo, ndago. Watu wananunua parakwati kwa ajili yake. Parakwati inaunguza jani la juu. Kidonge kinabaki kizima, na jani linarudi. Unapashwa kuchimba kwa uma na kukusanya vidonge, kisha kupita na jembe kila majuma mawili mpaka vile vilivyobaki vinachoka. Halafu panda viazi vitamu pale. Matembele yanafunika udongo, na ndago haipendi kivuli. Mwaka mmoja hautoshi, sitakudanganya. Lakini matembele utakula.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea: vua nguo, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni; jicho lioshwe kwa maji safi dakika 15. Kama amekunywa, usimtapishe kwa nguvu, usipoteze wakati kwa kutafuta maziwa ao mafuta ya ngazi. Mlete mara moja, hata kama anacheka, na ulete chupa pamoja naye.

Na bidoni tupu za dawa, hata zikioshwa mara kumi, zisitiwe maji ya kunywa, wala mafuta, wala lotoko.

Wewe uliye na chupa nyumbani leo, usiimwage katika mtaro, usiichome. Ifunge vizuri, uilete dispanseri, nami nitaipeleka kwa wakubwa wa usalama. Sitauliza uliitoa wapi, na sitaandika jina lako.