Mali ya Nyumba: Ambrayaje ikikataa kuachia, uliza kabla ya kulipa



Juma hili tunaongea juu ya pikipiki. Wamama wengi huku Bukavu, na vilevile Goma na Uvira, wana pikipiki ambayo wao wenyewe hawaendeshi. Kuna waliyoinunua kwa mkopo wa kikundi, kuna walioachiwa na mume, kuna waliompatia mtoto wao kazi. Motari anatoka nayo asubuhi na jioni analeta fedha ya siku. Fedha hiyo ndiyo unga, ndiyo chumvi, ndiyo masomo ya watoto. Basi siku motari anarudi saa sita mchana na kusema, «Mama, ambrayaje imekufa, tununue diski zote,» mama anafanya nini? Mara nyingi anafungua leso, anahesabu, analipa. Labda diski zimekufa kweli. Labda ni waya tu uliolegea, na kazi yake ni ya dakika kumi.

Tuelewe kwanza kazi ya ambrayaje. Ndani ya moteri kuna diski nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama sahani kwenye kabati. Diski hizo zinaoga ndani ya mafuta ya moteri. Resori zinazibana pamoja, na zikibanwa, nguvu ya moteri inafika kwenye gurudumu la nyuma. Motari akivuta mkono wa ambrayaje, ule wa kushoto kwenye gidoni, waya unavuta kimkono kidogo kilicho kwenye moteri, na kimkono hicho kinaachanisha diski. Moteri inaendelea kuzunguka, gurudumu linabaki bila nguvu. Hapo ndipo anaweza kuingiza vitesi au kusimama bila kuzima.

Ambrayaje isiyoachia ina dalili zake. Motari anavuta mkono mpaka mwisho, anaingiza vitesi ya kwanza, na pikipiki inaruka mbele au inazimika. Vitesi zinaingia kwa kelele na kwa nguvu ya mguu. Akisimama, anahangaika kutafuta nutre. Musichanganye na ugonjwa mwingine ulio kinyume chake: moteri inalia sana lakini pikipiki haipandi mlima. Hiyo ni ambrayaje inayoteleza, na hapo ndipo diski zilizoisha zinashukiwa mbele ya vitu vingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa motari ni hili: «Mwanangu, inaruka ao inateleza?» Jibu lake linawapeleka njia mbili tofauti.

Hatari iko, tusiifiche. Pikipiki inayoruka mbele ikiwa imesimama sokoni Kadutu, katikati ya wamama wenye mabeseni na watoto, inaweza kugonga mtu kabla motari hajasema neno. Pikipiki ya namna hiyo haibebi abiria, haibebi mtoto wa shule, hata kama ni mwendo mfupi. Inasukumwa mpaka nyumbani au kwa fundi.

Sasa, mambo ya kutazama nyumbani. Moteri iwe imezimwa, tena imepoa.

La kwanza ni mkono wenyewe. Uguse kwa kidole kimoja, usiuvute kwa nguvu. Ncha yake inapaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kuvuta waya: sentimeta moja mpaka mbili, karibu upana wa kidole. Ikicheza sana kuliko hapo, nguvu ya vidole inaishia hewani na diski haziachani. Pale waya unapoingia kwenye mkono kuna skuru ya kuzungusha kwa vidole, pamoja na pete ya kuifunga. Legeza pete, zungusha skuru itoke nje kidogo kidogo, pima tena, kisha kaza pete. Kama skuru imetoka karibu yote, irudishe ndani na urekebishe chini kwenye moteri, mahali kuna ekru mbili za kushika waya. Musiondoe mchezo wote. Waya ukikaa umevutika saa zote, diski hazibanwi vizuri, zinateleza na kuungua, na hapo mutalipa kweli. Mukimaliza, geuza gidoni mpaka mwisho kushoto na kulia: mchezo ule usipotee.

La pili ni waya. Tazama kichwa chake pale juu, ndani ya mkono. Nyuzi zake zikianza kukatika moja moja, usiulizie matengenezo, ubadilishwe leo. Angalia ngozi yake ya nje pia: imepasuka? Imekunjwa? Imeungua kwa kukaa karibu na bomba la moshi? Vumbi na matope ya barabara zetu vinaingia ndani, kutu inafuata, na mkono unakuwa mzito. Waya mzima uliokauka unatiwa matone ya mafuta kwa juu mpaka yatokee chini.

La tatu ndilo linalogawanya kazi, na linahitaji watu wawili. Mtoto mkubwa avute mkono wa ambrayaje polepole mpaka mwisho. Wewe tazama kile kimkono kidogo kwenye moteri. Kama hakitembei, au kinatembea kidogo sana, ugonjwa uko nje: waya, mkono uliopinda au bulo ya mkono iliyolika. Hakuna sababu ya kufungua moteri. Kama kinatembea vizuri na pikipiki bado inaruka, ugonjwa uko ndani.

La nne ni jaribio la gurudumu. Simamisha pikipiki kwenye mguu wake wa katikati, moteri ikiwa imezimwa, ingiza vitesi ya kwanza. Mmoja avute mkono wa ambrayaje, mwingine azungushe gurudumu la nyuma kwa kushika tairi, vidole viwe mbali na mnyororo na nyuzi za gurudumu. Linapaswa kuzunguka, hata kama kwa uzito kidogo. Likikataa kabisa kama vile mkono haukuvutwa, diski zimeshikamana.

Kushikamana si kufa. Pikipiki iliyokaa majuma bila kutembea, labda motari alikuwa mgonjwa au barabara ilifungwa, diski zake zinaweza kugandana. Washa moteri ikiwa kwenye nutre, iache ipate joto, kisha uizime. Ingiza vitesi ya juu, vuta mkono mpaka mwisho, na isukumeni mbele na nyuma mara nyingi mahali tambarare. Mara nyingi zinaachia. Tazameni pia mafuta ya moteri: yakiwa meusi mazito kama lami, au yamezidi alama, yabadilishwe. Chukueni mafuta ya pikipiki, yale ambayo chupa yake imeandikwa JASO MA. Alama hiyo inaonyesha kwamba yanafaa kwa ambrayaje inayooga ndani ya mafuta.

Hayo yote yakishindikana, ndipo fundi afungue. Mama mwenye mali asimame hapo. Si kwa kumdharau fundi; fundi mzuri anafurahi kuonyesha kazi yake. Kati ya diski zile, zingine ni za chuma kitupu. Mwombe alaze moja baada ya nyingine juu ya kioo. Diski ya chuma iliyonyooka inatulia; iliyopinda kwa joto inayumba kama meza yenye mguu mfupi, na hiyo haiwezi kuachana na jirani yake. Mwombe aonyeshe pia kikapu kinachoshika diski: kingo zake zikiwa na mikato, diski zinanasa humo hata zikiwa mpya. Hapo kununua diski peke yake ni kutupa franga. Piyese mpya zilowekwe ndani ya mafuta ya moteri kabla ya kufungwa, na za zamani murudi nazo nyumbani.

Je, diski zinapindaje? Ni joto. Motari anayesubiri abiria kwenye mlima wa Kadutu akiishikilia pikipiki kwa ambrayaje nusu badala ya freni, anazichoma. Anayebeba watu watatu pamoja na gunia anazichoma. Anayetembea siku nzima vidole vikilala juu ya mkono anazichoma polepole. Muambieni kwa heshima, maana naye ana haraka ya kupata fedha ya siku. Kama sisi tunamdai kiasi ambacho hakipatikani bila kubeba watatu, tunamlazimisha kuharibu mali yetu wenyewe. Jambo hilo vikundi vilizungumze waziwazi pamoja naye.

Tunashauri pia daftari ndogo ya pikipiki, iwekwe pamoja na ya akiba. Andikeni tarehe ya kubadilisha mafuta, tarehe ya waya mpya, kazi ya fundi na bei yake. Mukiona waya umebadilishwa mara tatu kwa miezi michache, mujue kuna kitu kinaukata: labda umepita mahali pabaya, labda mkono una kingo kali.

Na kabla ya kulipa, maswali ni haya manne: inaruka ao inateleza? Mkono unacheza kiasi gani? Kimkono cha chini kinatembea? Mafuta yalibadilishwa lini? Motari anayejibu manne haya amekwisha kutazama pikipiki. Asiyejibu, murudi naye kwenye pikipiki, mutazame pamoja, na fedha ikae kwanza ndani ya leso.

Juma lijalo tutaongea juu ya mnyororo: wakati wa kuukaza, na wakati wa kuutupa. Wenye maswali wayalete kwa katibu wa kikundi siku ya mkutano.