Neno la Mhariri: Mkabidhini Daftari

Msimu wa makambi umewadia. Mahindi yakishavunwa na maharage yakishapurwa, nyanda za juu za Kigoma huingia katika miezi ambayo watu wana nafasi na barabara zinapitika, na makanisa yanalijua hilo. Kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba, ukitoka Kasanda kwenda Kibondo na kushuka mpaka Kasulu, hukosi mahali ambapo turubai linafungwa kwenye mikaratusi. Wasabato wana makambi yao, Waanglikana na Wapentekoste wana mikutano na semina, Wakatoliki wana hija na makongamano ya wanawake (WAWATA) na ya vijana (VIWAWA). Waislamu wenzetu wakiandaa Maulidi, kazi ni ileile: kuchota maji, kusomba kuni, kuchimba choo, kupika, kulinda usiku. Kazi zote hizo hazina mshahara. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya watu hao na wenzao wanaosomba mawe ya zahanati na kufyatua matofali ya shule, na ni haki ya msomaji kujua mapema mhariri anasimama wapi.

Nasimama hapa: anayejitolea hulipwa, na asipolipwa huondoka. Ujira wenyewe hauhesabiwi kwa shilingi, na hauna haja ya kusubiri kiyama. Ni kukabidhiwa kitu: ufunguo wa stoo, daftari la michango, zamu ya ulinzi, darasa zima la watoto. Kijana anayetwishwa mzigo, akaambiwa abebe na ashukuru, atabeba mwaka huu. Mwakani hutamwona, na wazee watalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tumeirudia madhabahuni mpaka imegeuka kisingizio. Watu wa Buha, nchi hii ya Waha, wana sababu ya kusita wanapoitwa kwenye kazi isiyo na malipo, kwa kuwa wameitwa mara nyingi na si kwa hiari. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu wa Kibondo na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale, nao wakafyeka mapori na kujenga upya wapende wasipende. Ikaja SILABU, shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoundwa mwaka 1944, likabeba vijana wetu kwa malori na treni kwenda kuwa manamba Tanga. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na vijiji vikapangwa kando ya barabara. Kila mara mkubwa alisema ni kwa faida yenu. Mara nyingine ilikuwa kweli, maana shule na zahanati kadhaa tulizonazo zilizaliwa wakati wa vijiji. Lakini mtu aliyepitia hayo, au aliyelelewa na waliopitia, akisikia mbiu ya kazi ya pamoja kwanza huuliza nani atafaidi. Ni swali la mtu mwenye akili, na katika kurasa hizi hatutaliita uvivu.

Halafu zikaja kambi za wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu, na kabla malori ya mashirika hayajafika, waliowapa muhogo, maji na ukumbi wa kulala walikuwa wanakijiji. Mwaka 2015 wakaja tena. Kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata ya Mtendeli, hapa hapa wilayani Kakonko. Safari hii kila kazi ilikuwa na posho yake: kuhamasisha, kugawa, kuhesabu, hata kukaa kwenye semina. Siwalaumu waliolipa wala waliolipwa, kwani kazi ni kazi na watoto wanakula. Ila tulizoea. Mtendeli ilipofungwa mwishoni mwa 2021 na wakimbizi wakahamishiwa Nduta, posho iliondoka na mazoea yakabaki. Leo ukiita kikao cha kamati ya maji, kuna atakayeuliza kwa sauti ya chini kama kuna bahasha.

Wengine wanajitolea wakiwa kwenye foleni ya ajira, nao siwacheki. Walimu wa kujitolea wanashika chaki mwaka baada ya mwaka wakiishi kwa michango ya wazazi. Vijana wa kujitolea wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanafyeka na kujenga wakitumaini kuandikishwa jeshini. Aprili 2021 jeshi liliwaondoa vijana zaidi ya 800 waliokuwa wakidai ajira. Anayejaza nafasi ambayo serikali au taasisi ilipaswa kuiajiri anadai mshahara. Tusimlipe kwa hotuba. Mimi nazungumzia kazi ile ambayo hata hela zingekuwepo bado ingehitaji watu wake wenyewe.

Tazama jiko la makambi ya Wasabato siku ya Ijumaa. Siku ya Sabato hakupikwi, kwa hiyo chakula cha usiku ule na cha kesho yake kutwa nzima lazima kiive kabla jua halijazama. Maharage yameloweshwa tangu Alhamisi. Kuanzia alfajiri sufuria kubwa zinakaa kwenye mafiga, na kina mama wa Dorkasi wanapokezana mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kuni za mkaratusi mbichi zinatoa moshi bila moto, na aliyezipokea bila kuzikagua anasemwa mpaka jioni. Pembeni, juu ya gunia, ameketi binti aliyemaliza kidato cha nne na hajui bado maisha yanampeleka wapi. Mapajani ana kaunta buku. Anaandika kila kinachoingia: debe la maharage kutoka kanisa fulani, mikungu ya ndizi, unga wa muhogo, elfu mbili taslimu ya bibi aliyefunga noti kwenye ncha ya kanga. Anaandika pia kinachotoka. Saa tisa mchana kiongozi wa wapishi anamjia na swali moja: "Mwanangu, unga utafika?" Hapo hakuna mwalimu wa kumnong'onezea jibu. Akikosea, watoto waliotembea kutwa kuja kambini watalala na uji.

Makambi yakiisha, binti yule husimama mbele ya kanisa na kusoma mapato na matumizi. Sauti inamtetemeka mistari ya kwanza. Mzee mmoja, kila kanisa linaye, anauliza kuhusu sabuni. Anajibu kwa kufungua ukurasa. Kanisa likisema amina, kuna kitu amepata ambacho hakuna semina yenye posho iliyowahi kumpa. Kijiji kizima sasa kinajua kwamba mali ya watu ilipita mikononi mwake na ikafika. Mwakani kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) kikitafuta mweka hazina, jina lake ndilo litatajwa. Zahanati ikitafuta mtu wa kukaa kwenye kamati, atatajwa tena. Kwetu, ambako dhamana ya benki ni ndoto kwa wengi, kujulikana hivyo ni mtaji.

Mkoa wetu una mfano mwingine, nao haukutoka kanisani. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, alianzisha Roots & Shoots mwaka 1991 akiwa Dar es Salaam na wanafunzi 12. Leo vikundi vyake viko katika nchi nyingi duniani, na hapa Kigoma vimeingia mashuleni. Kilichovivusha, kwa maoni yangu, kuliko hata jina la mama yule aliyefariki Oktoba 2025, ni kwamba watoto huulizwa kwanza: hapa kwenu kuna tatizo gani, na ninyi mtafanya nini? Wanachagua wenyewe, wanapanga wenyewe. Mti uliochaguliwa na mtoto humwagiliwa hata mwalimu akiwa likizo.

Makanisa yetu nayo yalijengwa hivyo, ingawa siku hizi tunajifanya tumesahau. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulitembea kwa miguu ya walei waliobeba chakula chao wenyewe. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilipoundwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga, haikuwa na mapadri wa kutosha kila mtaa, na hata sasa Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista asiye na mshahara. Alikabidhiwa waumini, akawachunga. Huyo katekista ukimnyang'anya mimbari ukamwachia kufagia tu, usishangae akienda kuanzisha kanisa lake.

Sasa nije kwenye maboma, majengo yanayobaki bila paa, maana hapa ndipo tunapowaibia watu mchana kweupe. Kijiji kinafyatua matofali, kinachoma tanuru, kina mama wanapandisha maji kutoka bondeni, kuta zinafika kwenye lenta. Makubaliano yalikuwa nguvu za wananchi mpaka hapo, halafu halmashauri iezeke. Mwaka unapita. Mvua inalamba matofali, mbuzi wanapata kivuli. Huenda fedha zilichelewa kwa sababu ya msingi kabisa, lakini hakuna aliyekuja kueleza, na waliosomba mawe hawana mtu wao kwenye kamati inayojua. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaleta elimu bila malipo, jambo jema, na wazazi wengi wakahitimisha kwamba hata jasho lao halitakiwi tena. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anayekwepa mkutano huo huku akipiga mbiu ya kazi Jumamosi anajikatia mwenyewe tawi alilokalia.

Nina neno pia kwa wale wa fulana za kujitolea. Tangu vijana wa Peace Corps walipofika Tanganyika mwaka 1961, tumezoea kumwita mgeni mwenye moyo huo volontia na kumchinjia kuku, wakati wa kwetu anaitwa asiye na kazi. Na wa kwetu nao wameiga ziara ya saa mbili: sukari, sabuni, picha ya pamoja, gari linawashwa. Kabanga, Kasulu, ambako watoto wenye ualbino walipewa hifadhi baada ya mauaji yaliyoanza kutisha nchi mwaka 2007, hawakuhitaji wapiga picha. Walihitaji mtu wa kurudi wiki ijayo, na ile iliyofuata, akiwa na kofia, mafuta ya kujikinga na jua na uvumilivu wa kusaidia kazi za shule.

Kuna mchungaji atakayesoma haya na kuniambia thawabu iko mbinguni, na kwamba mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Sawa, baba. Kuhusu sadaka yangu ya siri sina ubishi. Lakini kambi ya watu mia tano haiendeshwi kwa siri, na daftari la stoo halijawahi kumzuia mtu kuingia mbinguni. Ninachokiona mara nyingi ni kinyume chake: wazee wanaoshika kila ufunguo wenyewe, kwa miaka, kwa jina la unyenyekevu.

Katika kurasa zinazofuata waandishi wetu wanatofautiana nami, na wengine wananipinga waziwazi juu ya posho. Someni, mkasirike kidogo, mjibu. Kwa wazee wa makanisa na wenyeviti wa vijiji ombi ni moja, na halihitaji mfadhili: msimu huu chagueni kijana mmoja ambaye hajawahi kushika fedha ya watu, mkabidhini daftari, mkae pembeni, mumwache asome hesabu mwenyewe. Nanyi wasomaji, mkituandikia habari za kambi au mradi wenu, tupeni jina la kila kazi na mahali ilipofikia. Picha ya mgeni rasmi akikata utepe hatutaichapisha.