Kipimo cha Akili si Hukumu

Yako maneno mawili yaharibuyo vijana wengi: "Hana akili." Hunenwa nyumbani, hunenwa darasani, na mwisho kijana mwenyewe huyanena juu ya nafsi yake, kana kwamba akili ni kitu alichopimiwa siku ya kuzaliwa na ghala ikafungwa. Kauli hiyo ni ya uongo. Nataka uikatae, msomaji. Lakini uikatae kwa ushahidi, si kwa hasira.

Elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, ina madhehebu mengi. Kundi moja lilishika kwamba akili hurithiwa katika damu. Jingine, lililoongozwa na John Watson wa Marekani tangu mwaka 1913, lilishika kwamba malezi na mazoea ndiyo yamwundayo mtu. Kila kundi lilivuta upande wake kupita kiasi, lakini ni lile la kwanza lililowafungia watoto mlango.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mtihani wa akili. Kusudi lao lilikuwa jema: kuwatambua watoto waliohitaji msaada ili wasaidiwe. Mwaka 1909 Binet mwenyewe aliwalaumu wale waliosema kwamba akili ya mtu haiongezeki. Alifariki mwaka 1911, na huko Marekani watu kama Henry Goddard na Lewis Terman wakaugeuza mtihani ule kuwa kipimo cha urithi. Kilichofanywa kiwe taa kikawa rungu. Humu Kenya, katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ulikuwa duni kwa maumbile.

Jibu lilitoka Embu. Watoto wa shamba, wenye umri wa miaka kama saba, walipimwa mwaka 1984. Wengine wa umri huo huo wakapimwa mwaka 1998. Hawa wa pili waliwapita wale wa kwanza kwa mbali. Je, damu ya watu wa Embu iligeuka kwa miaka 14? Haiwezekani. Watafiti walitaja chakula bora zaidi, wazazi waliojua kusoma zaidi, na jamaa zenye watoto wachache zaidi.

Utaniuliza, "Mbona ndugu wawili wa tumbo moja hawalingani?" Sikatai kwamba urithi upo. Mbegu hazilingani, lakini mkulima apandaye katika ardhi kavu, asipalilie wala asitie mbolea, hana haki ya kuilaumu mbegu.

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nywele hukua. Basi mtu akikuambia kwamba huna akili, mwulize amekupima kwa kipimo gani, na kwa kusudi la kukusaidia au la kukutupa. Kisha rudi kwenye kitabu chako.