Mambo ya Nyumbani: Mtoto wa Pili Asipokuja



Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja, naye atuomba tusitaje jina lake wala mji wake. Ana mtoto mmoja, binti wa miaka 7, aliyezaliwa salama. Yapata miaka 4 sasa, yeye na bwana wake wametaka mtoto mwingine, wala hawakumpata. Mavyaa wake humwambia kila mara kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na sasa wazee wa ukoo wamshauri bwana aoe mke mwingine. Lakini lililotuchoma moyo ni neno la mwisho la barua yake: yule binti alimwuliza, “Mama, kwani mimi sitoshi?” Basi tumeona yafaa tujibu mbele ya wote, maana nyumba zenye taabu hii si chache.

Kwanza, mama huyu ajue kwamba hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima 6, mmoja hivi hupata taabu ya kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Watu hudhani ya kuwa aliyezaa mara moja hawezi kushindwa mara ya pili. Sivyo, mwili hubadilika. Mirija ipitishayo mayai huweza kuziba kwa sababu ya homa ya uzazi, au mimba iliyoharibika isipate matunzo mema, au magonjwa ya zinaa ambayo pengine hayana maumivu hata kidogo. Uvimbe huweza kuota katika kizazi. Umri nao una nguvu yake, maana mwanamke akiisha kupita miaka 35 uwezo wa kushika mimba hupungua upesi zaidi. Katika hayo yote hamna uchawi wa jirani, wala hamna sababu ya kumlaumu mama.

Na bwana je? Mara nyingi mke huchukua aibu yote, na mume hukaa barazani kana kwamba neno hili halimhusu. Walakini madaktari waona ya kuwa, katika karibu nusu ya nyumba zenye taabu hii, upungufu huwa kwa mume pia, au kwake peke yake. Kumzaa binti miaka 7 iliyopita si ushahidi wa leo. Magonjwa, tumbako na pombe nyingi huharibu mbegu. Na homa kali huweza kuzipunguza kwa muda wa miezi 2 au 3. Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vya mke, wala hakina maumivu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nao wazee washaurio mke wa pili twawauliza kwa heshima: ikiwa upungufu u kwa mume, huyo wa pili atazaaje? Mtakuwa mmewaliza wanawake wawili badala ya mmoja.

Sasa twaeleza njia ya kufuata. Wakiisha kukutana kwa miezi 12 bila kupata mimba, yawapasa kwenda hospitali, wote wawili pamoja. Mke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Na ikiwa hedhi imekatika, au aliugua sana baada ya kujifungua, asingoje kabisa. Aliyekuwa akichomwa sindano ya kupanga uzazi asiogope upesi, maana uwezo hurudi polepole, pengine baada ya miezi 10 au zaidi tangu sindano ya mwisho. Tena wasihesabu siku kwa hofu. Wakikutana kila baada ya siku 2 au 3 mwezi wote, yatosha. Na dawa za mizizi zisizojulikana kipimo chake, hasa zile za kutiwa ndani ya uke, twawasihi waziache, maana huweza kuleta madhara makubwa.

Wakiisha kupimwa, watajua njia zilizo mbele yao. Pengine dawa ya kuua vijidudu, au vidonge vya kukuza mayai, au upasuaji utafaa. Ikiwa mirija imeziba kabisa, iko njia ya kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na mjini Nairobi watoto wa namna hiyo walizaliwa mwaka 2006. Ni njia ya kweli, lakini gharama yake ni kubwa, wengi hawafaulu mara ya kwanza, na umri ukizidi kufaulu huwa adimu. Njia nyingine ni kulea mtoto wa ndugu, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani, au kuasili mtoto asiye na wazazi, kwa msaada wa afisa wa ustawi wa jamii na kwa amri ya mahakama. Na njia ya mwisho, isiyo ya aibu hata kidogo, ni kupumzika na mtoto mmoja waliye naye.

Hatuwezi kuwachagulia. Walakini twawapa shauri moja: kabla ya kuanza, mume na mke wakae faraghani, wakubaliane mpaka. Tutajaribu muda gani? Tutatumia fedha kiasi gani? Ada ya shule ya binti isiguswe, wala shamba litakalomlisha lisiuzwe. Matumaini yasiyo na mpaka huweza kula nyumba nzima. Nao wazee waambiwe na bwana mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba neno hili ni la watu wawili nao wanalishughulikia; asimwache mkewe ajibu peke yake.

Na yule binti? Watoto husikia mengi kuliko tudhanivyo. Yafaa mama na baba wamketishe kati yao, wamwambie waziwazi: twatamani upate ndugu, lakini hatumtaki kwa sababu wewe umepunguka; asipokuja, wewe ni mtoto wetu mzima, wala si nusu. Maneno haya hayahitaji daktari wala fedha, nayo yaweza kusemwa leo usiku.

Mama uliyetuandikia, twakushukuru kwa kutuamini. Nenda pamoja na bwana wako mkapimwe, kisha utuandikie tena, iwe habari njema au nzito.

Kwaherini hata mwezi ujao.