Nani Atangulie?
Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizodhurika sana. Meli ya matengenezo haifiki kwa siku moja. Hivyo mawasiliano hurudi kwa hatua, kwa kugawana njia chache zilizosalia. Nani basi atangulie? Twasema: hospitali, zimamoto na bandari, kisha malipo ya simu, ambayo ndiyo mfuko wa mfanyakazi, starehe zingoje. Utaratibu huu uandikwe na kutangazwa sasa, wakati wa shwari. Ukiachwa hadi siku ya msiba, atatangulia mwenye fedha, na mnyonge atangojeshwa. Tahadhari kabla ya hatari.