Ziwa Victoria likichafuka, nani anafika kwanza?

Mvua za vuli zikianza, wavuvi wa Mwanza, Ukerewe na Bukoba wanajua kinachokuja. Usiku, upepo wa baridi kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto. Radi zinaanza, mawimbi yanapanda, na mtumbwi unaweza kupinduka ndani ya dakika chache.

Likitokea la kutokea, macho yote hugeukia JWTZ. Sio ajabu. Jeshi lina wazamiaji, vifaa vizito na nidhamu ya kazi. Ishu ni muda. Makao ya wanamaji wake yako Kigamboni, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mwanza.

Ajali tatu zinaonyesha hali ilivyo.

MV Bukoba, Mei 21, 1996. Zaidi ya watu 800 walikufa meli ikikaribia Mwanza. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini waliitwa kusaidia. Walipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kutoa miili.

MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Hapa chanzo hakikuwa dhoruba. Kivuko cha watu 101 kilibeba zaidi ya mara mbili, kikapinduka karibu na gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Giza lilipoingia, uokoaji ukasimama hadi asubuhi. Baadaye jeshi lilishiriki kukigeuza na kukivuta kivuko. Lakini siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja alitolewa akiwa hai, kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Maana yake, kila saa ilikuwa na thamani.

Precision Air, Novemba 6, 2022. Ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Waliokufa ni 19, walionusurika 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa hiyo jeshi ni la lazima kwa kazi nzito: kunyanyua, kuzamia, kuendesha operesheni ya siku kadhaa. Dakika za mwanzo ni za watu wa mwaloni.

Mwanza imepangiwa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji ziwani, mradi ulio chini ya TASAC. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ni hatua nzuri, ila kamati bila vifaa haiokoi mtu.

Utayari wa kweli unaanzia kwenye vitu vidogo: boti yenye mafuta, taa za usiku, mitungi ya hewa iliyojaa, kamba, jaketi okozi, na wavuvi waliofundishwa na kufanya mazoezi pamoja na askari kabla ya vuli.

Swali la kumuuliza kiongozi wa mtaa au kijiji chako ni rahisi: boti ya uokoaji iliyo karibu iko wapi, na saa nane usiku funguo anazo nani?