Wanapima Ekari, Wanachukua Mto

Kila mwekezaji akitua huku kwetu Nyanza Kusini, swali huwa lile lile: anataka ekari ngapi? Mimi nasema tunauliza swali lisilo lenyewe. Anayetaka shamba kando ya Mto Kuja kule Nyatike, au karibu na ziwa pale Homa Bay, hakufuata udongo. Amefuata maji.

Na si ati hatujawahi kuona. Jirani zetu wa Siaya waliona. Mwaka 2003 kampuni ya Dominion kutoka Oklahoma, Marekani, iliingia kinamasi cha Yala kwa mkataba wa miaka 25, karibu hekta 7,000. Ahadi? Mchele, samaki, kazi. Wakazi wakaishia kulalamikia mafuriko na malisho waliyopoteza. Kampuni ikaondoka kabla ya miaka hiyo kuisha, na kinamasi kikapata mwekezaji mwingine.

Najua utaniambia vijana wanataka kazi. Kweli, hata mimi nazitaka. Lakini kibarua cha kupalilia shamba lililokuwa la babako si maendeleo, boss.

Tena sipingi pesa za nje. Mradi wa Kimira-Oluch, Homa Bay, ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Unachukua maji ya mito Kibuon na Tende na kuyapeleka kwa wakulima wadogo. Una shida zake, sikatai. Ila mwenye shamba amebaki mwenye shamba. Hiyo ndiyo tofauti.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010 inamruhusu mgeni kukodi ardhi tu, isizidi miaka 99. Sheria ya Maji ya 2016 inasema serikali inashikilia maji kwa niaba yetu wananchi, na anayetaka kuyachota kwa wingi lazima awe na kibali.

Basi baraza lijalo likiitwa, Migori au Homa Bay, wewe uliye Nairobi panda basi uje. Mzee wako ataulizwa kuhusu ekari. Wewe uliza maji: lita ngapi kwa siku? Kibali kiko wapi? Kiangazi kikibana na mto ukipungua, nani atafungiwa kwanza, yeye au sisi?

Asiye na jibu arudi na kalamu yake. Hatutii sahihi.